Akala Zako Zimefika Kwa Vonza

Fundi,

Akala yako imekatika. Naanza na hiyo kwa sababu ungekuwa hapa ningekucheka mpaka ukasirike. Iliyokatika ni ya kushoto, uliyoikata kwenye tairi ukaipiga misumari wewe mwenyewe. Ya kulia, niliyoipiga mimi, bado ngangari.

Niko Kwa Vonza, kwenye veranda ya hoteli ya mama mmoja anayeitwa Mama Kasyoka. Leo sitembei. Nimeoga maji moto kwenye karai, nguo nimefua zikakauka kabla sijamaliza chai, na nimekula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mpaka nikaona haya kuomba nyingine. Sasa miguu iko kwenye maji ya chumvi na mimi nakuandikia.

Utauliza nimefuata nini huku. Si ni maneno yako. Kila mteja aliyekuja kibandani kwetu Tseikuru ulimwambia, "Hizi akala zikitoka hapa zinafika kwetu Tawa bila kuona fundi." Miaka yote hiyo, Fundi, na hukuwahi kwenda Tawa isipokuwa kwa gari. Hata safari ya mwisho ulienda kwa gari, umelala, sisi tunaimba nyuma. Baada ya mazishi mke wako Mama Ndinda aliniomba nikipata nafasi nimpelekee huko Tawa vyombo vyako vya kazi. Nikasema nitavipeleka, na kwa miguu, nikiwa nimevaa zile akala zako za mwisho, ulizonikatia mimi. Lazima mtu ajue kama ulikuwa unasema kweli ama ulikuwa unauza tu.

Watu walidhani nimechanganyikiwa. Pasta wa kanisa letu ndiye hakunicheka. Anampigia simu mwenzake wa mbele, na kila jioni nakuta nyumba ya mshirika na godoro limetandikwa. Kyuso wamenilisha, Mwingi wamenilisha, Kitui wamenilisha na juu yake wakaniombea. Ule mguu wa chuma wa kupigia viatu ndio umenitesa. Unanichoma mgongo tangu Tseikuru, na nyundo inanigonga mbavu kila hatua, utadhani wewe unaniharakisha.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Vyombo nilikuwa navipeleka ili niachane navyo. Binamu yangu wa Mwingi amenitafutia kazi kwenye duka la simu, mahali pa kukaa kivulini na kuvaa vizuri. Tangu uende nimefungua kibanda kila asubuhi. Wageni wanasimama, wananiangalia mimi msichana na nyundo yangu, wanauliza, "Fundi ako wapi?" Ulipokuwa hai nilizoea, nilisema ameenda chai. Sasa niseme nini? Na wenyeji wanaojua hupo, hao hata hawaulizi. Wanapita na viatu vyao mkononi. Nilichoka, Fundi. Nilikukasirikia kidogo pia, kuniachia kibanda bila kuniachia wateja.

Sasa, hiyo akala. Jana nikikaribia hapa mkanda wa kisigino uling'oka wote. Niliufunga kwa kamba ya katani nikaingia mjini nikichechemea. Sikutaka kuitengeneza. Ni kazi ya mwisho ya mikono yako, nilifikiri nikiigusa haitakuwa yako tena. Niliamua nitapanda gari asubuhi nimalize mambo. Lakini leo asubuhi Mama Kasyoka alipoleta chai aliniangalia mguu, akaangalia mfuko, akasema, "Wewe msichana, umebeba nyundo na unatembea na kiatu kimefungwa kamba. Ni nini mbaya na wewe?"

Nilivuta mfuko nikatoa nyundo. Nikakaa chini nikaifungua ile akala.

Ndipo nikaona misumari. Wewe uliyenifokea kwa kupiga msumari zaidi ya mara mbili, uliyesema msumari haubembelezwi, misumari yako ilikuwa imepinda. Pembeni mwa kila mmoja mpira una alama za nyundo iliyokosa, ikakosa tena. Nikakumbuka siku ile ulinituma sokoni kutafuta tyubu za kukatia mikanda na tyubu tulikuwa nazo pale chini ya meza. Niliporudi ya kushoto ilikuwa tayari, ukasema mkono umelala kidogo, "Mwiitu, binti yangu, malizia hiyo ya kulia." Hukutaka nikuone ukihangaika. Wiki hiyo hiyo ukalazwa.

Nililia, Fundi. Nililia pale verandani na watu wanakunywa chai, na Mama Kasyoka akafanya vizuri akaniacha. Sikulia kwa sababu ya mkanda. Niliona vile uling'ang'ana na hicho kiatu peke yako, mgonjwa, ili mimi nipate moja ya mkono wako.

Misumari yako sikuitupa, iko kwenye kikopo. Nimekata mkanda mpya, nimeupiga mara mbili mara mbili, bila kubembeleza. Sehemu iliyobaki ni yako, soli ni yako, na umeikata vizuri mno.

Kumbe mtu akigonga nyundo verandani siku ya soko anaita watu. Kwanza alikuja mama na sapatu ya mtoto iliyoachama. Halafu mzee na buti la shamba. Halafu wasichana wa chuo na viatu vyao vyembamba vile ulivyovichukia. Nilishona mpaka nikasahau kuwa niko mapumzikoni. Kabla jua halijashuka, mama anayeuza ndengu mbele ya hoteli alifunga gunia lake, akaita kwa sauti, "Fundi, kesho uko?"

Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Nilikuwa nakutafuta.

Nyuma hapakuwa na mtu. Nikamwambia kesho niko njiani, lakini kama ana kiatu alete sasa hivi. Akavua alichokuwa amevaa.

Kesho navuka mto Athi, halafu Wamunyu, Masii, kisha kwenu. Mama Ndinda nitamwambia ukweli, kwamba zimefika, ila njiani zimeona fundi mara moja. Mguu wa chuma na visu nitamkabidhi kama nilivyoahidi. Nyundo nitamwomba. Akininyima nitalia, unajua naweza. Binamu nitampigia nimwambie kazi ya simu atafutie mwingine.

Pumzika, Fundi wangu. Umetembea kiasi chako, na haka kasafari kengine ni kangu. Nakuahidi kibanda hakitafungwa. Na nikirudi Tseikuru, mtu akisimama pale mlangoni akauliza fundi ako wapi, nitamwambia aketi, avue kiatu.

Mimi wako,
Wayua