Solo ya Vidole Viwili

Mukendo, Musoma
Septemba 1976

Kwa dada yangu mpendwa Justina,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini wewe, shemeji Renatus na watoto mko salama hapo Kibara, na pamba yenu imeshachukuliwa. Mimi nina nguvu za kuandika. Hali yangu nyingine utaisoma humu.

Katika barua yako ulisema mmenisikia redioni, na watoto wakacheza mpaka wakamwaga uji. Ukaniuliza zile solo nazitoaga wapi, zimeandikwa mahali au zinakuja tu. Nitakueleza, maana hii moja ina habari zake.

Solo haianzii kwenye gitaa, dada. Inaanzia mdomoni. Mwezi wa nne Clementi, mwimbaji wetu, alileta wimbo wa wavuna pamba wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Bunda, akaniambia niutafutie solo ya kupiga Sabasaba kule Butiama. Kwanza sikugusa nyuzi. Nilitembea nikiuimba wimbo wake midomo imefungwa, huku nikivuta hapa na kukata pale, mpaka nikapata kipande kifupi kilichotaka kurudiwa. Hapo ndipo nilipokipeleka gitaani. Unakipiga, unakirudia ukiongeza kidogo, unakipandisha, unakishusha, ukisikiliza gitaa la rithimu linakuachia nafasi wapi.

Mimi, unavyonijua, nilijaza nafasi zote. Nilikimbia juu ya nyuzi kama mvua ya mawe kwenye bati. Mpiga rithimu wetu, jina lake Kwangu, alinivumilia, mwishowe akasema, "Wence, unaongea peke yako. Watu watakujibu saa ngapi?" Nilimkasirikia, nikamwambia ashike rithimu yake.

Lakini kuanzia mwezi wa tano solo ilipungua. Niliacha zile mbio za mwanzo, kisha za katikati. Zikabaki sauti chache, ndefu, zenye kimya kati yake. Kwangu alifurahi akidhani nimemsikia. Kule Butiama, kila nilipotulia, wachezaji walikijaza kile kimya kwa miguu yao mpaka vumbi likatufikia jukwaani. Fundi wa redio aliyekuja kurekodi alimwambia Clementi kwamba huyu kijana amekomaa, anajua cha kuacha. Hiyo ndiyo mliyoisikia.

Sikuwa nimekomaa, dada. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vilikuwa vinakufa. Nilichokiacha, nilikiacha kwa sababu sikukifikia tena. Baada ya Sabasaba uzi ulinikata mazoezini, nikaona damu kwenye gitaa kabla sijajua inatoka wapi. Ndipo nikaenda hospitali. Waliniambia nifumbe macho, wakagusa baka lililokuwa limenitoka mkononi kwa uzi wa pamba. Nikabaki nangojea waanze, kumbe walikuwa wameshamaliza. Daktari akasema ni ukoma.

Vidonge nimeanza. Amesema ugonjwa utasimama, na nikivimeza bila kukosa sitamwambukiza mtu. Ila vidole, ningefika mapema, huenda vingepona. Nami ganzi niliisikia tangu mwezi wa nne, nikasema acha kwanza Sabasaba ipite. Hilo linanila kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku hizi solo anapiga Kwangu. Nakaa mbele yake naiimba kwa mdomo, naye anafuata. Juzi alizirudisha zile mbio zangu zote, sawasawa nilivyozipanga mwanzo, halafu akaniangalia. Alitaka kunifurahisha. Nilizisikiliza mpaka mwisho, nikamwambia azitoe, maana ni kweli wimbo ulikuwa mzuri zaidi bila hizo.

Naomba kuja kukaa kwenu mpaka wakati wa kupanda. Mwambie shemeji ukweli wote kabla sijafika, usimpunguzie hata neno. Akiwahofia watoto, usigombane naye. Niandikieni tu, nitaelewa. Akikubali, mnitengee kikombe na sahani au msinitengee, mtakavyoona wenyewe. Lakini nikifika mlangoni nitautoa mkono kukusalimia, dada. Naomba uushike.

Wasalimie watoto wote, na mama mkwe wako umwambie namheshimu sana.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Wenceslaus