Taa za Breki za Mama Kombi

Jumamosi, Voi.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, jambo la nadra hapa kwetu, na udongo mwekundu umeng'ang'ania viatu vya kila anayeingia. Nimekaa barazani na blanketi magotini. Sina homa wala huzuni. Nina majivuno, na nayakiri mapema, kwa sababu mtu wa umri wangu hutarajiwa ayafiche.

Ninayejivunia ni mke wangu, Syombua.

Asubuhi binti yetu Mueni aliletewa gari lake kutoka gereji. Fundi, kijana mchangamfu, alikuwa amebadilisha taa za nyuma bila kuulizwa, kama zawadi kwa mteja mwema. Vioo vyekundu ameviondoa, ameweka vyeusi kama vilivyopigwa moshi, na ndani yake balbu za kisasa ambazo breki ikikanyagwa humetameta kwanza ndipo zitulie. Syombua akatoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka gari, akamwambia Mueni akanyage.

"Kijana, hii ni breki au disko?"

"Ni fasheni, bibi. Nairobi nzima wanaweka."

"Fasheni haitakuambia pole ukigongwa. Rudisha vile vyekundu."

Kijana akacheka, kisha akanitazama mimi, kama mafundi wanavyomtazama mwanamume yeyote aliye karibu wakitafuta wa kuwaokoa. Nikatazama mvua. Kabla ya chakula cha mchana, vile vyekundu vilikuwa vimerudi mahali pake.

Hakujua anazungumza na nani. Hapa Voi hakuna anayejua.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, tuliishi Kaloleni, katika zile nyumba za baraza la jiji, upande wa Eastlands wa Nairobi. Nyumba yetu ilikuwa ya kazi. Kazi yangu ya ukarani ilipokwisha, na nyumba ikaisha. Sasa nimeishi mbali na Kaloleni muda mrefu kuliko nilioishi ndani yake, na bado nikiota naota pale, moshi wa makaa na yote.

Kanisa letu lilikuwa na shule ya chekechea, na chekechea ilikuwa na gari, Kombi kuukuu ya rangi ya maziwa. Dereva wake wa kwanza alipata kazi nzuri zaidi Mombasa, akaacha funguo mezani. Syombua alikuwa amejifunza kuendesha kwa mjomba wake, kwenye lori la mchanga, tena leseni alikuwa nayo. Akaziomba zile funguo. Kamati ikampa, kwa majaribio, kwa sababu hakuna mwanamume aliyejitokeza kuamka alfajiri na kubeba watoto wanaotapika.

Watoto walimwita Mama Kombi. Aliwazoa katika mitaa ya Makongeni, Jerusalem na Bahati, akiwaimbia, akiwafuta kamasi, akisimama kila hatua chache. Hiyo ndiyo kazi ya gari la watoto: kusimama. Gari lingine husifiwa kwa mwendo. Lile lilipaswa kusifiwa kwa kusimama.

Basi jioni moja ya manyunyu, akiwa ameshamshusha mtoto wa mwisho, alisimama kwenye Barabara ya Jogoo kumpisha mama mmoja aliyekuwa akivuka na mzigo wa sukuma wiki. Pikapu ya makaa ikamgonga kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Makaa yalimwagika barabarani, na watu wakayaokota kwa moyo mmoja.

Mwenye pikapu alishuka akifoka. Syombua alinisimulia maneno yake usiku ule, na ninayakumbuka kama niliyasikia mwenyewe.

"Mama, mbona husimami kama watu? Ungeonyesha!"

"Nilikanyaga breki. Taa hukuziona?"

"Nimeziona! Zilikuwa zinawaka vile vile tu, tangu Makongeni!"

Watu walilichukulia hilo kuwa neno la mtu anayejitetea. Kamati nayo ikalichukulia hivyo. Habari ilipofika kanisani Jumapili, ilikuwa imekwisha kupikwa ikaiva: mwanamke amekanyaga breki kwa hofu, amesababisha ajali, na mara ijayo watoto watakuwamo.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Ndeti, mtu mwadilifu na mwenye Peugeot yake mwenyewe, aliyezungumza polepole ili kila neno lipate kiti. Alimwambia mbele ya watu, "Mama Mueni, breki si mende. Haikanyagwi kwa kushtukia." Watu wakacheka. Akaongeza kwamba kamati ingekutana Alhamisi, na kwamba kulikuwa na kijana fulani, mtulivu, mwanamume, ambaye angeweza kuzichukua zile funguo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Syombua alisema jambo moja tu.

"Funguo zikinitoka sasa, hakuna mwanamke mwingine atakayepewa. Watasema walijaribu wakaona."

Nilijua ni kweli.

Jumatatu jioni, mawingu yakiwa mazito, alinichukua kwa Kombi mpaka kwenye ukumbi wa mtaa. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe mtupu. Madereva wa Kaloleni walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: mtu asiye na wa kumtazamia taa alirudisha gari lake kinyumenyume hadi karibu na ukuta ule, akakanyaga breki, akasoma wekundu wake ukutani kupitia kioo cha kutazamia nyuma. Ukuta ukiwaka, anaenda zake. Walipima mchana wa jua au jioni wakitoka kazini, taa nyingine zote zikiwa zimezimwa.

Syombua alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilifanya. Aliwasha taa za gari kwanza, kama zilivyokuwa jioni ile ya manyunyu. Ukuta ukawa mwekundu mara moja, mwekundu wa kushiba. Ndipo akakanyaga breki.

Ukuta haukubadilika.

Akazima taa zote, akakanyaga tena. Ukapata wekundu hafifu, kama shavu la mtu aliyetaniwa kidogo.

Nilichukua bisibisi nikafungua kioo cha upande uliosalimika. Kwa msomaji asiyejua, nieleze. Taa ya nyuma ya magari mengi ya siku zile ilikuwa na balbu moja yenye nyuzi mbili ndani. Uzi mwembamba ulitoa mwanga mdogo wa kuwaambia walio nyuma kwamba kuna gari gizani. Uzi mnene ulitoa mwanga mkali, na huo ni wa breki peke yake. Ili mtu asizigeuze, watengenezaji waliweka kwenye shina la balbu vijipini viwili visivyolingana, kimoja juu kidogo, kingine chini kidogo. Balbu inaingia kwenye tundu lake kwa njia moja tu. Ukiigeuza, inakataa. Ninapenda kufikiri kwamba mahali fulani, kiwandani, palikuwa na mtu aliyemfikiria fundi mwenye haraka na akamwekea ulinzi.

Sisi wa Eastlands tulimshinda kwa tupa ya kusugulia chuma.

Kijipini kimoja kilikuwa kimesuguliwa hadi karibu kiishe, kiking'aa kama jino jipya. Balbu ilikuwa imeingia kichwa chini miguu juu. Mwanga mkali uliwaka safari nzima, na breki ikabakiwa na ule mdogo, ambao juu ya mkali hauonekani. Mtu wa pikapu alikuwa amesema kweli tupu: zilikuwa zinawaka vile vile tu.

Aliyeziweka ni Fundi Maina, ambaye karakana yake ilikuwa turubai na kreti mbili za soda pembeni mwa mtaa. Tulimwendea, na Syombua akamwonyesha balbu. Maina aliitambua kama mtu anavyolitambua shati lake.

"Hii ilikataa kuingia, mama. Nikaisaidia."

"Uliisaidia?"

"Kidogo tu. Tupa mara mbili tatu. Zote huwa nazisaidia, hizi za pini mbovu."

Hakuwa mwongo wala mlevi. Mafundi wote wa pande zile walifanya hivyo, na balbu iliyokataa kuingia ilihesabiwa kuwa imetengenezwa vibaya. Syombua alimweleza taratibu. Maina alishika kichwa, akakaa juu ya kreti, akauliza kama kuna mtoto aliyeumia. Kisha akasema, "Alhamisi nakuja." Hatukuwa tumemwomba.

Mimi nilifanya sehemu yangu. Nilizitafuta kanuni za barabarani nikazisoma neno kwa neno, maana ni kazi niliyoiweza. Zilitaka nuru inayotazama nyuma iwe nyekundu, na nyeupe isionekane nyuma ila ile ya kumulika nambari na ya kurudi kinyumenyume. Zilitaka breki ikikanyagwa, aliye nyuma aone. Kuhusu vijipini hazikusema neno. Sheria haikuwahi kufikiria tupa ya Maina.

Alhamisi ilinyesha tena. Kamati ilikaa ndani ya ukumbi, na kabla Mzee Ndeti hajamaliza sala ya kufungua, Syombua alikuwa amesimama.

"Nawaomba tutoke nje kwanza. Mkitaka funguo baadaye, hizi hapa." Akaziweka mezani, mbele ya mwenyekiti.

Sasa zilikuwa mezani kweli, na yule kijana mtulivu alikuwa ameketi nyuma, ameshachana nywele.

Wakatoka. Kombi ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume ukutani. Karibu pale palikuwa na bomba la maji, na kwenye bomba hapakosi watu: akina mama na ndoo zao, vijana wakiosha miguu baada ya mpira. Syombua akanipa funguo, alizozichukua mezani tulipokuwa tukitoka.

"Baba Mueni, ingia. Washa taa. Nikisema kanyaga, kanyaga."

Ukuta ukawa mwekundu.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

"Amekanyaga?" akauliza Mzee Ndeti.

"Amekanyaga."

"Mbona zinawaka vile vile tu?"

Alilisema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake cha polepole. Niliona kupitia kioo jinsi mdomo wake ulivyobaki wazi, na jinsi wenzake walivyomgeukia.

Fundi Maina alijitokeza katikati ya watu. "Ni mimi, wazee. Balbu ilikataa nikailazimisha. Huyu mama hana kosa." Akatoa mfukoni balbu mbili mpya, pini zake nzima, akazitia kwenye taa za Kombi mbele ya macho ya wote. Kioo cha taa ya upande uliogongwa alikuwa ameshakibadilisha asubuhi ile, balbu akaiacha. Akarudi nyuma.

"Kanyaga!"

Ukuta ukalipuka wekundu, chokaa yote, mpaka kwenye nyuso za wajumbe. Akina mama wa bombani wakapiga kelele, mmoja akapiga kigelegele kabisa. "Mathe, umewaweza!" akasema kijana mmoja mwenye sabuni hadi magotini.

Syombua hakutabasamu. Aliwaambia wazee kwamba ataendelea kuendesha, kwa sharti moja: kila mwenye gari pale alete lake ukutani, taa zikiwa zimewashwa, siku ile ile, maana watoto wa shule hutembea nyuma na mbele ya magari yote, si ya Kombi tu.

Na hapa nataka nimtendee haki Mzee Ndeti. Angeweza kukohoa akafunga mkutano. Alitoa funguo zake za Peugeot kwenye koti, akasema, "Tuanze na ya mwenyekiti."

Alikanyaga. Ukuta ukawa wa waridi, rangi ya sharubati iliyotiwa maji mengi. Kioo chake kilikuwa kimevunjika zamani, akakiziba kwa karatasi nyekundu ya peremende, na jua likaipausha. Nyeupe ilikuwa ikipenya kutoka nyuma ya gari la mwenyekiti wa kanisa, kinyume kabisa cha kanuni nilizokuwa nimezisoma.

"Buda, ndai imepaka lipstiki!" akapaaza sauti yule wa sabuni. Ndai kwao ni gari, buda ni mzee, na mathe ni mama. Watu waliinama kwa kucheka, na Mzee Ndeti, baada ya kujaribu kununa, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akateremka, akaenda kwa Syombua na kumpa mkono, mikono yote miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

"Endelea na watoto wetu," alisema.

Yule kijana mtulivu alisaidia kuelekeza magari mengine. Baadhi yalikuwa na pini zilizosuguliwa. Moja lilikuwa na balbu iliyopakwa rangi ya kucha. Maina alishinda hapo akizibadilisha, akilaani tupa yake.

Syombua aliendesha Kombi ile mpaka ilipochoka, kisha iliyofuata, hadi tulipohama. Wanawake wengine wawili walipewa funguo baada yake. Hakuna kikao kilichojadili kama wanafaa.

Sasa mvua imepungua, na namsikia jikoni akiimba wimbo ambao alikuwa akiwaimbia watoto wa Bahati.

Kesho vijana wa kanisa wameniomba nisimame niwaeleze kazi niliyofanya Nairobi. Nilikuwa nimeshapanga maneno juu ya ofisi, faili, na nidhamu ya karani wa enzi zile. Nimeyasoma tena jioni hii nikaona ni maneno ya mtu aliyekaa chini maisha yake yote. Nitawaambia ukweli, kwamba pale Kaloleni nilikuwa mume wa dereva, na kwamba mwenye la kusimulia ameketi safu ya tatu, upande wa akina mama. Atanikasirikia, nalijua hilo. Atasema hana maneno.

Na akasirike. Nitampisha nikae.