Bushi ya Skrubu ya Nyuma

Jumamosi, 8 Februari

Klabu ya shabaha, saa nne asubuhi. Baridi. Nimekagua bunduki za wote kabla ya mtu yeyote kuvuka mstari wa kulengea, kama kila wiki; mimi ndiye mkaguzi wa usalama na mshika bendera nyekundu. Chemba zote, mahali risasi inapokaa, tupu. Mmoja nimemrudisha akafunge viatu.

Leo Harish amefunga kitako kipya cha bunduki yangu. Miezi minne nimekuwa nikichagua vipande vyake. Mtutu mzito kwa muuzaji mwenye leseni. Kifyatulio chepesi, baada ya kurudisha viwili. Kitako cha alumini nilikikataa. Kinafanana na gongo la hospitali. Harish akakichonga kwa mbao ya mjozi, bandani kwake Rayners Lane, akanipima shavu na bega kama fundi cherehani. Kitako ni mbao tu, sheria haikijali. Mtutu na chemba ndivyo vilivyoandikwa kwenye hati yangu ya kumiliki bunduki, kwa hiyo kuunganisha tumefanyia klabuni, mbele yangu. Skrubu mbili, na kila skrubu imekalia bushi ya shaba, kipete cha kuzuia chuma kisicheze kwenye mbao, kidogo kuliko punje ya mahindi.

Harish ni seremala mstaafu, mzaliwa wa Moshi. Pale klabuni, huku ughaibuni, ni sisi wawili tu tunaozungumza Kiswahili. Alipomaliza alisema, "Haya Mwalimu, hii ikikosa shabaha tukapime macho." Nilicheka.

Sikuijaribu. Mchana kulikuwa na mashindano ya wageni.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani, kisha nyumbani. Neema, binti yangu, alipiga simu kutoka kazini. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, mambo yanakwenda.

Baada ya chakula nilitoa bunduki kabatini, nikafungua skrubu zote mbili. Nilitaka kuiona kazi ya Harish kwa ndani. Nilisahihisha madaftari miaka thelathini. Siwezi kupokea kazi bila kuipitia. Mbao imelala sawasawa kwenye chuma. Gundi safi, haina mapovu. Kosa sikuliona.

Nikarudisha. Nikafunga kabati.

Jumamosi, 15 Februari

Aibu. Wakati ule sikuiona kuwa aibu.

Risasi kumi, na matundu yametapakaa kwenye karatasi yote. Kumi nyingine, vilevile. Nilijifunza kulenga kambini, mwaka wa mafunzo ya taifa kabla ya kuanza kazi, na hata siku ya kwanza sikupiga hovyo namna ile. Watu sita walikuwa nyuma yangu. Niliinua karatasi juu nikamwita Harish, kwa Kiingereza, ili wote waelewe. Nikasema hii ndiyo kazi ya mtu aliyezoea makabati ya jikoni.

Alikuja taratibu. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Umeifungua, Mwalimu?"

Nikasema sijaigusa.

Kwa nini nilisema hivyo? Sikutaka ajue kwamba nilimkagua kama mwanafunzi. Neno lilitoka kabla sijalipima.

"Basi sawa," alisema. "Lakini mbona mbele za watu?" Akachukua koti lake akaondoka.

Jumatano, 19 Februari

Colin, katibu wa klabu, amepiga simu. Wanachama wawili wamechukua mbao zao kutoka bandani kwa Harish. Kubwa zaidi: bunduki nane za klabu zinahitaji vitako vipya, na kamati ilikuwa imekusudia kumpa yeye kazi hiyo. Sasa wana mashaka. Wataamua kwenye mkutano wa tarehe tisa Machi. Colin aliniuliza kama nina hakika kwamba bunduki haikufunguliwa baada ya Harish kuikabidhi. Alisema ananiuliza mimi kwa sababu mimi si mtu wa kubahatisha.

Nilisema nina hakika.

Mara ya pili. Hii sikuteleza. Nilikuwa nimekaa, nimetulia, chai mkononi.

Jumamosi, 22 Februari

Harish hakuja. Miaka tisa sijaona meza yake ya kazi pale klabuni ikiwa tupu siku ya Jumamosi.

Nimejaribu risasi za aina nyingine mbili. Nimelegeza mkanda wa bunduki, nimekaza mkanda. Nimebadilisha tundu la kulengea. Hakuna nafuu. Mzee mmoja alinitania: "Hiyo bunduki ina mafua, inapiga chafya kila ikilia." Wengine walimcheka Harish, si mimi. Niliwaacha wacheke.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeipata.

Nilikuwa natafuta miwani ya zamani ili niisomee barua ya maji. Nilifungua kasha lake. Bushi ya shaba ilikuwa ndani, juu ya kitambaa. Ya skrubu ya nyuma. Niliiweka humo mwenyewe Jumapili ile, isije ikaanguka zuliani. Niliiweka mahali salama, kisha nikafunga bunduki bila hiyo.

Ni mimi.

Jumanne, 25 Februari

Sikutoka. Sikula vizuri.

Jumatano, 26 Februari

Nimeirudisha bushi mahali pake. Nimekaza skrubu kwa bisibisi ya nyumbani. Najaribu kujiambia kwamba bunduki ikipiga sawa, maneno yataisha yenyewe. Kwamba Harish ni mtu mzima, atasahau. Kwamba kamati itampa kazi hata hivyo.

Najua ni uongo. Nimeuandika ili niuone.

Jumamosi, 1 Machi

Matundu matano, yote yanafunikwa na sarafu moja.

Wamenizunguka. Wamenipongeza. Colin akauliza kama nimeurekebisha mwenyewe ule ubovu wa Harish.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilidhani nikinyamaza si uongo. Ni uongo, tena mbaya kuliko mingine, kwa sababu safari hii nilikuwa najua kosa ni langu.

Nimewahi kumsimamisha msichana mbele ya darasa zima, kule Korogwe, kwa kunakili majibu ya mwenzake. Nilimwacha amesimama mpaka kengele. Leo nimemkumbuka uso wake, jina sikulikumbuka. Hata hilo limeniumiza.

Jumapili, 2 Machi

Nimemwambia Neema kwenye simu. Akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi. "Mama, kwani ulikuwa unaogopa nini?"

Jibu nimelipata baada ya kukata simu. Naogopa kuonekana kwamba mimi pia hukosea. Basi. Hakuna kitu kikubwa nyuma yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Rayners Lane. Mkewe Harish alinifungulia mlango, akaniambia yuko bandani, akarudi ndani bila kunikaribisha chai. Katika nyumba ile hilo ni jambo zito.

Harish alikuwa anafagia. Mezani hapakuwa na mbao ya mtu yeyote. Nilimwonyesha kasha la miwani, nikamweleza yote kwa utaratibu: siku niliyofungua, siku niliyokana, simu ya Colin, kichwa nilichotikisa Jumamosi. Nikamwomba radhi. Nililia kidogo. Sikupenda.

Aliendelea kufagia mpaka nikamaliza.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Skrubu ilikuwa na mkwaruzo. Mimi sikwaruzi skrubu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mwalimu akisema hapana, mimi fundi wa makabati nitasema nini?"

Nilimwambia basi tumalize mimi na yeye, tumejuana siku nyingi. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Hapa bandani ni rahisi. Hapa tuko mimi na wewe na vumbi. Ulinitukana wapi?"

Nilisema klabuni.

"Basi unaijua njia."

Nilipanda treni, nikapitiliza kituo changu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda mazoezini. Nimeandika maneno ya kesho. Ukurasa mzima. Nikausoma, nikaona nimejieleza sana: umri, miwani, mazoea ya kusahihisha. Nimechana. Nimebakiza sentensi nne.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano. Watu kumi na wanane. Harish alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, koti hajalivua.

Niliomba kusema kabla ya ajenda. Nilisimama. Nikasema: Nilifungua bunduki yangu nyumbani, nikasahau bushi, na kosa lote ni langu. Harish aliponiuliza, nilimdanganya. Colin aliponiuliza, nilimdanganya. Kitako alichonitengenezea Harish ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuziona, na ninamwomba radhi hapa kwa sababu nilimtukana hapa.

Mtu alikohoa. Nilitamani wanikaripie. Walitazama meza.

Kazi ya vitako vinane amepewa Harish. Mikono yote ilipanda.

Kisha Colin, kwa adabu sana, akasema mkaguzi wa usalama lazima awe mtu ambaye neno lake halitiliwi shaka. Nilimkatiza, ili asipate tabu ya kumalizia. Nimekabidhi bendera nyekundu na daftari la ukaguzi. Miaka sita nimeshika bendera ile.

Nilipogeuka nyuma, kiti cha Harish kilikuwa tupu. Nilikuwa nimetumaini angalau atanitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Klabuni saa nne. Kijana mpya, mwenye bendera, alikagua chemba yangu. Aliinama akaangalia vizuri. Nilimshukuru.

Harish alikuwa mezani kwake, na mbao tatu za klabu zimebanwa kwenye jiliwa. Nilipita, nikamwamkia. Aliitikia. Nilikuwa nimeshapita aliposema, "Zile skrubu ulizikaza kwa mkono, bila kipimo?"

Nikasema ndiyo, kwa bisibisi ya nyumbani.

"Lete."

Aliifungua yote. Alivipanga vipande juu ya kitambaa cheupe, kimoja kimoja, kisha akasukuma kitambaa upande wangu. Watu walikuwa wamesimama karibu.

"Hesabu," alisema. "Kwa sauti."

Nilihesabu. Mtutu na chemba, kimoja. Kitako, kimoja. Kifyatulio, kimoja. Skrubu, mbili. Bushi, mbili. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Aliniambia nirudie bushi. Nikasema, mbili.

Akaanza kufunga. Nilibaki nimesimama pale, mikono nyuma, mpaka akamaliza.