Foili ya Gergin

Valko ndugu yangu, weka chini hicho kikombe kwanza. Ndiyo kwanza natoka kwa Gergin, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unajua ugomvi wake na Radoy wa ghorofa ya juu. Radoy akiongea na watu wa mbali kwa ile mitambo yake ya redio, sauti inatokea kwenye spika za Gergin. Mwaka mzima hawasalimiani! Basi Gergin kaifunga amplifaya yote kwa foili ya jikoni, eti izuie mawimbi ya Radoy, mpaka mkewe Stanka kakosa ya kufunikia mwanakondoo. Nyama imekauka kama soli.

Leo siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake, nyumba imejaa. Gergin anatamba: "Humu sasa hata nzi haingii!" Kaweka santuri. Tumetega masikio.

Spika ikasema: "Sishuki, bwana. Divai nimeshanunua, lakini nitaanzaje? Nimemkumbuka yule mzee wa chini."

Radoy! Radoy mwenyewe! Anamwambia mtu wa mbali huko mjini Varna, na meza nzima tunasikia!

Gergin kaiva uso kama pilipili. Stanka akamwambia: "Siku ya jina mtu haalikwi, anakuja mwenyewe. Huyu umemzuia wewe. Panda ukamlete, mume wangu, la sivyo hiyo nyama utaimaliza peke yako."

Kapanda. Wakarudi wameshikana mabega, wote wawili macho mekundu.

Radoy akakaa, akatafuna ile soli bila kulalamika. Muziki ukatoka safi, hakuna sauti ya mtu.

Gergin akagonga meza: "Mmeona? Si niliwaambia foili inafanya kazi!"