Glavu Nyeupe za Mama

Papa,

Uliondoka ukaniachia maneno mawili yanayogombana. Ulikuwa umenishika mkono, jasho linakutiririka, ukasema: "Mapendo, watakuuliza kama niliacha ile nyumba. Usiwaambie kama niliacha. Sikuacha." Nikaitikia ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kisha ukapumzika kidogo, ukaongeza: "Na unilalishe karibu na mama yako." Basi. Hukusema tena. Hata kufa umekufa kama ulivyokuwa jikoni, unaagiza vitu viwili kwa mara moja halafu unatoka nje, atakayebaki ajijue.

Na ulijua, Papa. Ulijua Mama amelala ndani ya uzio wa miti ya miyenzi pale makaburi ya misioni, na ulijua misioni haimzikii ndani mtu wa nyumba ya Framasoni. Nilikukasirikia kabla sijafunga macho yako. Nilikulilia huku nimekukasirikia, na sikujua kama hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya kifua kimoja.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, kwa sababu ulichukia mtu anayeanza habari kutoka mwisho.

Wewe hukuwahi kujua tulichopata sisi watoto kwa ajili ya ile nyumba. Iko pale mlimani, ng'ambo ya Burungu, madirisha yake yamefungwa kwa mbao hata mchana, na watu wote walisema ndani mna mutumbula, wazungu wanaokamata watu na kuwala. Wenzangu wakipita chini yake walikimbia. Wewe ulikuwa unapanda na masufuria yamejaa, unashuka nayo matupu, na shuleni mimi nikaitwa mtoto wa mpishi wa mutumbula. Nilipigana kwa jina hilo mpaka sista akanikata nywele. Nilipokuuliza wanafanya nini mule, ulijibu: "Wanakula viazi, wanazungumuza."

Mama alipokufa ndipo ukaniambia mengine, tumekaa tunachambua maharage. Wale ni watu wa mashamba, ulisema, wa kahawa na pareto, na mmoja alitoka upande wa Walikale, alifika na matope mpaka magotini. Wakiwa ndani wanafunga aproni, wanaitana ndugu. Asiyekula kiapo hawezi kusikia maneno yao, hata mezani. Na kwa kuwa walitaka kula chakula cha moto, ilibidi wakuapishe wewe unayeleta sahani. "Waliniapisha juu ya supu," ukasema, ukacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha ukaacha kucheka. Ulisema kiapo chako kilikuwa kilekile chao, hakikupunguzwa kwa sababu ya ngozi. Ulisema mwisho wa mkutano wanasimama duara, wanashikana mikono, na wewe umo, katikati ya Bwana Ndevu, yule mzee mkubwa wao, na mwingine. Na ukasema neno ambalo sijalisahau: "Mule ndani wananiuliza, ndugu, wewe unawaza nini? Halafu wanangojea nijibu."

Na nje, Papa? Niliwaona nje. Soko la Kitchanga, mtu aliyekushika mkono kwenye lile duara alikuambia, "Wewe, boy, beba," na ukabeba. Hakukutazama hata usoni. Nilikuuliza njiani tukirudi. Ulijibu, "Inje kuko sheria ya inje." Jibu hilo sikulipenda siku ile, na leo silipendi. Lakini Mama alipoanza kutema damu, Bwana Ndevu ndiye aliyemweka kwenye kiti cha mbele cha kamio, lori lake la mizigo, akaendesha mwenyewe katika mvua mpaka hospitali ya Goma, na wazungu wenzake wakasema mzee amepata kichaa. Kwa hiyo siwezi kuwatemea mate wote. Ningependa ningeweza, ingekuwa rahisi.

Halafu zile glavu. Siku ya kuapishwa walikupa jozi mbili nyeupe, moja yako, na moja ya kike, ili umpe mwanamke unayemheshimu kupita wote. Ndiyo desturi yao. Ulikaa nazo mfukoni, unaogopa kumpa Mama, kwa sababu yeye, Mama Yustina, mbeba bendera ya Bikira Maria, angeweza kukutupia pamoja na sufuria la sombe. Ukamwambia zilikotoka bila kuficha. Akazigeuza, akazinusa, akasema, "Kitu cheupe iko tu cheupe." Na siku ya maandamano ya Sakramenti akazivaa!

Watu wote walidhani ni zawadi ya madamu fulani. Kila mwaka alibeba bendera nazo, na Padri mwenyewe alisema kanisani, "Muangalie Mama Yustina. Namna ile njo tunakaribia Mungu, na mikono safi." Wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango, mahali pako pa siku zote, kwa sababu ulikuwa hukubaliwi kupokea komunyo. Nilikuona unatazama chini. Sasa najua ulikuwa unazuia kicheko. Na Mama alipokufa, Padri alinyunyiza maji ya baraka, akasema glavu zisivuliwe. Hivyo amelala nazo. Tulibaki wawili tunaojua, wewe na mimi. Kisha ukaniacha peke yangu na siri hiyo.

Kaka Bonifasi alifika kutoka Masisi asubuhi, bado amevaa koti lake la karani wa serikali ya teritwari. Padri alikuwa anarudi siku ileile kutoka safari yake ya milimani. Katekista akatutangulia na habari: Padri atamuuliza yule aliyekuwa na marehemu pumzi ikitoka. Yule ni mimi. Nikimjibu Padri kwamba uliacha, kaburi ndani. La sivyo, nje, upande wa mifugo.

Papa, wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya mawe, majembe magotini, wanangoja kuambiwa wapi. Wingu lilikuwa linashuka kutoka Kitchanga. Ulikuwa umelazwa kwenye mkeka na nzi wameanza, na mimi nawafukuza kwa kitambaa cha Mama.

Bonifasi alinivuta nyuma ya jiko. "Dada, sema aliacha. Neno moja tu. Papa alishakufa, haitamuumiza." Akasema, "Unataka nifukuzwe kazi? Unataka watoto yangu waitwe vile tuliitwa?" Kisha akalia, yeye ambaye hakulia hata kwa Mama. Simlaumu. Lakini alikuwa ameshafungua sanduku lako la bati, na aproni yako nikaikuta inaungua mafigani, chini ya maji ya ugali. Glavu zako hakuzikuta. Nilikuwa nimezitia kifuani tangu jana yake, ulipokuwa bado una joto.

Nikaenda kwa Padri. Njiani uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeupanga vizuri, hata machozi yake nilikuwa nayo. Nilijiambia: Papa anataka Mama, mpe Mama. Lakini kila nilipotaka kuusema nilikuona pale sokoni, kikapu kichwani, kimya. Maisha yako yote, kila ulichosema nje ulipangiwa useme. Ndiyo bwana, hapana bwana, tayari bwana. Hicho kiapo peke yake ulikisema kwa kinywa chako, na hakuna aliyekutisha ukivunje akafaulu. Ningewezaje mimi, mtoto wako, kukivunja ukiwa huwezi kunijibu?

Padri alikuwa barazani, buti zake bado zina matope. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Mapendo, Papa yako aliacha ile nyumba mbele ya kufa?"

Nikasema, "Padri, unakumbuka mikono ya Mama?"

Akashangaa. Nikamkumbusha bendera, nikamkumbusha maneno yake kanisani, nikamkumbusha jeneza. Aliitikia kwa kichwa kila mara, hata akatabasamu. Kisha nikasema, na sauti yangu sikuitambua: "Ile maglavu ilitoka mule ndani. Papa alipewa amupe bibi yake. Mama alijua. Iko nayo mpaka leo, pale ndani ya miyenzi, na ulimubariki nayo."

Papa, nilikuwa nimemweka Mama mezani kama dau. Nataka ulijue hilo. Kama angesema mfukueni, ningekuwa nimewapoteza wote wawili kwa asubuhi moja, na mimi ndiye ningekuwa nimewapoteza. Nikashika nguzo ya baraza. Padri alitazama upande wa makaburi. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nilisikia ng'ombe wa misioni wanalia, wanataka kukamuliwa, na hakuna aliyekwenda.

"Nani mwengine anajua?" akauliza.

"Mimi tu. Na wale wawili."

Kisha akasimama. "Mimi sikukuuliza kitu," akasema. "Na wewe hukunijibu kitu. Waambie wachimbe karibu na mama yako. Kengele haitalia."

Nilitaka kumshukuru, akaniashiria niende. Nilikimbia, Papa. Mimi, mwalimu wa kushona, nilikimbia mbele ya watu na kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Kabla ya kufunga jeneza nilikuvika glavu zako. Nilizisukuma kwenye vidole vyako vigumu, vidole vyenye makovu ya mafuta ya moto, na blanketi nikalivuta juu. Lakini Bonifasi alipoinua upande wa kichwa, jeneza bado wazi, blanketi lilishuka. Padri alikuwa ameinama na maji ya baraka. Aliziona. Najua aliziona, kwa sababu mkono wake ulisimama hewani na maji yakadondoka kwenye kiatu chake. Watu walikuwa wamejaa nyuma yake, katekista na mamas wote wa bendera. Akaweka chini kile chombo, akalivuta blanketi mwenyewe, akalipandisha mpaka kifuani, akalibana pembeni kama anafunika mtoto. "Upesi," akawaambia wabebaji, "mvua inakuja."

Ndugu zako wa mlimani walikuja pia. Walibaki barabarani, karibu na gari, chini ya mikaratusi. Nilipoinua macho kaburini, niliwaona wamevua kofia, wameshikana mikono katika duara, wanalowa. Na kati ya Bwana Ndevu na jirani yake mikono haikufika, paliachwa wazi mahali pa mtu mmoja. Nilielewa. Nililia kwa sababu yake, na wakati huohuo nilitamani kuwatupia udongo.

Wiki zilizofuata Bwana Ndevu alikuja nyumbani kwa mguu, amezeeka ghafla. Akasema, "Tulimwachia nafasi yake." Nikamjibu, "Nafasi yake ilikuwa kwenye kaburi, Bwana. Haikuwa barabarani." Alitazama chini, akasema, "Ni kweli." Kisha akangojea, na nikakumbuka ulivyosema wanajua kungojea jibu. Nikampa maziwa. Aliniambia tangu uende hawana mtu wa kuwapikia, hakuna anayekubali kupanda kule, wanakula sardini za mkebe. Nilicheka mbele yake. Nisamehe, au ucheke na wewe.

Bonifasi bado ana kazi yake. Tunasalimiana, hatujaongea. Nadhani anaogopa kuniuliza nilimwambia Padri nini, na mimi sitamwambia. Alipanda mwenyewe maua juu yenu, usiku asionwe, nikamjua kwa alama za viatu vyake vya ofisi.

Na sasa neno lililonifanya nikuandikie. Sakramenti inakaribia, na mamas wamenichagua mimi nibebe bendera ya Mama. Juzi Padri alinisimamisha mlangoni mwa shule. Akauliza, bila kunitazama, kama nitatafuta glavu. Nikamwambia hapana, Padri, nitabeba na mikono mitupu. Akasema, "Ni vizuri," akaenda zake haraka. Sisi wawili tumefungwa na kitu ambacho hatukuapishwa.

Barua hii nitakusomea pale kwenu asubuhi, kisha itaingia mafigani ilipoingia aproni yako. Nakuahidi, Papa, hakuna atakayelisikia neno hili la glavu kutoka kwangu, hata nikiwa na mume, hata nikiwa mzee. Nakuahidi pia kwamba mtoto wangu akiwa na la kusema nitamuuliza, na nitangojea ajibu, nyumbani na sokoni, sheria iwe ya ndani au ya nje. Na siku ya Sakramenti tukipita kwenye miyenzi, nitaiinamisha bendera kidogo upande wenu. Watadhani ni upepo.

Lala sasa, Papa. Umelala karibu na Mama, na hukuacha.

Mtoto wako,
Mapendo