Kaburi la Tano Kutoka Njiani

Jumatatu, 28 Oktoba
Sare sita zimebaki. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Baba kapiga simu kutoka Ilemba. Anakuja Ijumaa, maana Jumamosi ni siku ya Marehemu Wote, na anataka kusali kwenye kaburi la mama kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mama alifia huku kwangu Izia, tukamzika hapa kwa sababu ya mvua, gari lisingeweza kushuka Ilemba. Kila mwaka namwambia Baba kwenye simu: nimepalilia, msalaba uko imara. Leo nimemwambia tena. Ulimi umezoea.
Sijakanyaga pale tangu mazishi. Miaka mitatu.

Jumanne, 29 Oktoba
Nimeenda na jembe. Moto wa kuchoma majani umepita makaburini. Makaburi yaliyopaliliwa umeyaruka, misalaba yake imesimama. Yasiyopaliliwa, misalaba ya mbao imekuwa majivu. Upande wa mama kuna manne ya namna hiyo, hayana jina. Nimeyatazama mpaka macho yakauma. Sijui la mama ni lipi.
Nimerudi, jembe halijagusa udongo.

Jumatano, 30 Oktoba
Sijashona kitu. Hasira ya Baba naiweza. Naogopa atauliza kwa nini sikwenda kaburini. Wiki aliyofariki, mama aliniomba nimpeleke kliniki. Nikamjibu, "Ngoja kwanza nimalize sare za watu." Kwa sauti mbaya. Hakuomba tena. Sikumtaka radhi, na nilijua nikifika kaburini itabidi niseme.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimechagua. Moja ya yale manne, la tano ukihesabu yote kutoka njiani, kwa kuwa ni refu kidogo na mama alikuwa mrefu. Hoja ya kipumbavu. Seremala kanitengenezea msalaba, jina nimeliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Nimepalilia hilo moja tu.

Ijumaa, 1 Novemba
Baba kafika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimepiga magoti, shikamoo, marahaba. Kaleta unga wa ulezi. Kanisifu mbele ya jirani: "Huyu ndiye anayemtunza mama yake." Kwenye Misa ya Watakatifu Wote sikupokea komunyo. Baba aliona.

Jumamosi, 2 Novemba
Baba alipiga magoti kwenye lile kaburi akamsalimia mama kwa Kifipa, taratibu, kama anamwamsha. Akaja mwanamke mmoja na mshumaa, akasimama nyuma yetu. Kisha akaninong'oneza kwamba alikuwa Kabwe kwa wanawe tangu mwanzo wa kiangazi, hakuwahi kupalilia, anamtafuta mume wake. "Nilijua ni la tano kutoka njiani. Labda nimesahau. Nisameheni."
Yeye ndiye aliyeomba msamaha.
Padri alikuwa bado upande wa pili na maji ya baraka. Ningenyamaza, yangekwisha. Nikasema. "Hujasahau, mama. Hili ni la mume wako. Baba, nimekudanganya. Sikuwahi kuja. Mama yuko kwenye moja ya yale matatu, sijui lipi."
Baba akakaa chini. Hakunitazama. Akasema, "Leta jembe." Msalaba nikaung'oa. Tukapalilia yote matatu, yeye kwa magoti, mimi nimeinama. Yule mjane akaweka mshumaa wake kwa mumewe, akaja kutusaidia kung'oa majani kwa mikono. Padri alipofika akanyunyizia yote. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na nafuu pia, siwezi kuficha.

Jumapili, 3 Novemba
Baba kaondoka. Stendi alisema tu, "Usinipigie tena kuniambia umepalilia. Nitakuja mwenyewe kuona."
Baada ya Misa nimepita makaburini peke yangu. Nimepiga magoti kwenye la kwanza kati ya yale matatu nikasema, "Mama, nisamehe kwa ile siku ya kliniki." Nikaenda la pili, nikasema. La tatu sauti ilikuwa imekwisha, lakini nikasema.