Sitini na Tatu Bila

Harlan Wells, Texas
Jumatatu, 19 Desemba

Mdogo wangu mpendwa Wendell,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Carol, na kwamba goti lako halikusumbui sana na mvua za huko Oregon. Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako Lamar anakusalimu, sukari yake imeshuka kidogo, ingawa pai ya njugu za pekani bado anaila akidhani simwoni. Mjukuu wangu Josie hajambo. Mimi nami sijambo, ila nina hasira. Tangu Jumamosi nimevunja sahani mbili nikiosha vyombo, na Lamar ameniambia afadhali nikuandikie wewe kabla hatujaanza kula chakula juu ya magazeti.

Utakuwa umesikia kwamba vijana wetu wa shule walifika fainali ya jimbo ya futiboli ya Kimarekani. Mara ya mwisho ilikuwa 1984, Lamar akiwa mrusha mpira wetu, na mwaka huo sina haja ya kukukumbusha. Mji mzima ulihama. Duka la mbolea lilifungwa, kinyozi alifunga, mchungaji aliahirisha harusi ya bintiye mwenyewe. Tulienda kwa msururu wa magari saa nne nzima, vioo vimeandikwa majina ya watoto kwa dawa nyeupe ya viatu, kama zamani.

Wapinzani wetu walitoka kitongoji cha matajiri karibu na Dallas. Wendell, hao si watoto. Wana shingo kama ndama wa maonyesho. Mpira wa kwanza kabisa tuliowapigia waliudaka wakakimbia nao mikononi uwanja mzima, wakavuka mstari wetu hata mchuzi wangu wa chili sijaufungua. Lamar akauliza kwa sauti kama vijana wetu wamekuja kucheza au wamekuja kuonyesha watu vyoo viko wapi. Kufikia mapumziko ilikuwa arobaini na mbili bila, na Lamar alikuwa ameacha utani.

Sasa hapo kwenye mapumziko ndipo penye hasira yangu. Bendi yetu imefanya mazoezi tangu Julai, juu ya lami ya maegesho, jua la kukaanga yai, dakika kumi na mbili za gwaride na muziki. Katikati Josie anasimama peke yake kwenye mstari wa yadi hamsini na kupiga tarumbeta dakika nzima. Mwalimu Ybarra, mwalimu wao wa bendi, anastaafu mwaka huu na muziki wote aliutunga yeye. Josie alitapika mara mbili asubuhi kwa woga, akasuuza kinywa, akavaa kofia yake yenye manyoya.

Bendi ya wenzetu ilitangulia. Walikuwa na moshi wa rangi na jukwaa la magurudumu. Walipomaliza, watoto wetu wakiwa wamejipanga pembeni, miguu tayari, ikatangazwa kwamba makocha wote wawili wamekubaliana kufupisha mapumziko. Bendi ya Harlan Wells irudi ikakae.

Nilishuka ngazi zile bila kujua nashuka. Kocha wetu ni Tully Brandt, yule yule uliyesoma naye, aliyekuwa akikuita Bibi Harusi wa Bendi. Nilimkuta kwenye uzio nikamuuliza kama ana akili timamu. Akasema vijana wake wanalia chumbani, wanataka yaishe warudi nyumbani, na hawezi kuwaweka humo wakisubiri ngoma kana kwamba kuna sherehe. Nikamwambia na wale mia moja waliojipanga pale ni watoto pia. Akanitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniudhi zaidi, akasema, “Roylene, ukweli tuseme, hakuna aliyeendesha gari saa nne kuja kusikiliza matarumbeta.”

Niligeuka nikarudi kwenye kiti changu. Sentensi ile naijua, na nitakuambia niliijulia wapi.

Kipindi cha pili sikukitazama. Nilimtazama Josie, amekaa ameipakata tarumbeta, hajavua hata glavu. Ikaisha sitini na tatu bila.

Desturi yetu unaijua: tushinde tushindwe, vijana huja mbele ya bendi, wanavua helmeti, unapigwa wimbo wa shule. Wakaja, nyuso zimewavimba. Mwalimu Ybarra akainua mikono. Kabla hajaishusha, Josie akasimama akaanza kupiga kipande chake. Si wimbo wa shule, chake. Mwalimu akawageukia wengine akawaingiza, na bendi ikapiga dakika zote kumi na mbili palepale kwenye viti. Tully akapuliza filimbi, akapiga kelele basi linasubiri. Yule mchezaji wetu mnene wa ulinzi, namba hamsini na nne, akaketi kwenye nyasi. Wakaketi wote. Tully akabaki amesimama na filimbi yake mpaka naye akavua kofia.

Njiani kurudi Josie aliniuliza W.H. ni nani. Amekuta herufi hizo zimekwaruzwa chini ya vali za tarumbeta, na mimi nilimwambia nimeinunua mnadani. Wewe nawe uliniuliza kwenye kadi ya Sikukuu ya Shukrani mtoto anapiga tarumbeta gani, nikakujibu habari za hali ya hewa.

Ni yako, Wendell. Baba hakuitupa mtoni. Alitishia, lakini hakuigusa. Niliichukua mimi, wiki ile ya 1984 ulipoacha timu ukaenda bendi na wenzangu wa kikundi cha kushangilia timu wakawa wananicheka kwa sababu yako. Nilikuambia hakuna anayekuja uwanjani kusikiliza matarumbeta, nikaificha kwenye ghala la mbegu, nikidhani utarudi timu na nitaitoa Jumatatu. Badala yake uligombana na Baba mezani, ukidhani kaitupa yeye, na ulipotimiza miaka kumi na minane ukaondoka. Kila mwaka ulipopita ilikuwa ngumu zaidi kuitoa.

Baba alijua. Alinikuta naipaka mafuta, mwaka mmoja kabla hajafa. Hakugomba. Alisema ni juu yangu kukuambia, yeye hatanisemea. Nami nilikaa kimya, hata ulipokataa kuja kumzika.

Kwa hiyo kasirika, una haki, ila kasirika na mimi. Mwache Baba. Nimemtukana Tully siku mbili mfululizo, kumbe alichofanya Jumamosi mimi nilikifanya kabla yake, na yeye angalau alivua kofia.

Josie nimemweleza yote. Jana jioni akasema hataigusa tena mpaka mwenyewe amruhusu. Imo kwenye sanduku lake, hapa mezani ninapoandikia. Mwalimu Ybarra anafanya onyesho la kuaga tarehe saba Mei, na Josie ndiye mpigaji wa kwanza. Hana tarumbeta nyingine.

Msalimie Carol, mwambie mapishi yake ya viazi yalinifikia. Lamar naye anasema njoo, hata kama ni kuja kunifokea.

Ni mimi dada yako,
Roylene